Ndizi ya meli iache melini, lakini sufuria nzima isimwagwe

Tuambiane ukweli. Mkenya akialikwa harusini na pilau ikabaki, haondoki mikono mitupu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, akina mama wanakuja na kopo la Blue Band ndani ya mkoba, na hakuna wa kumcheka mwenzake kwa sababu kila mtu ana lake. Kufungiwa chakula kwetu ni heshima. Anayekunyima ndiye anayesemwa.

Sasa mtoe huyo Mkenya harusini umpandishe meli ya kitalii. Tikiti imelipiwa na chakula kimo ndani yake, asubuhi, mchana, usiku, hadi saa nane za usiku ukitaka pizza. Siku ya mwisho meli imefika Miami, abiria wanangoja kuitwa washuke, na pale kwenye bafe kuna milima ya mikate, ndizi, tufaha na soseji ambazo kila mtu anajua zitaishia kwa pipa. Ukichukua ndizi mbili na krosanti moja yenye nyama ya kula njiani, umemwibia nani?

Hakuna. Hiyo tukubaliane mapema, kwa sababu kuna watu wanaofanya hii mada iwe ya tabia njema, eti anayebeba chakula ana njaa za kijijini. Wazungu wanabeba. Matajiri wanabeba. Rafiki yangu mmoja anayehudumu kwenye meli hizi ananiambia asubuhi ya kushuka ndiyo bafe hufagiwa vizuri kuliko siku zote, na anayejaza mkoba mara nyingi ni yule aliyelala kwenye chumba chenye roshani.

Lakini ndizi hiyo iache melini. Na sababu haina uhusiano wowote na adabu.

Ukishuka meli iliyotoka nchi nyingine, unavuka mpaka, hata kama ulipanda kwenye bandari hiyo hiyo wiki jana. Pale Marekani maafisa wa forodha wanataka utaje kila tunda, nyama, mmea au mbegu uliyobeba. Ukitaja, mara nyingi kinachopotea ni ndizi yako tu, unaitoa na mnaagana. Ukinyamaza, faini inaweza kufika dola 1,000 kwa kosa la kwanza, hata kama ni ya kula mwenyewe. Biskuti na peremende zilizofungwa kiwandani kwa kawaida hazina noma. Tunda na nyama ndizo zinazoleta shida.

Usidhani ni vitisho vya bure. Mwaka 2018 abiria mmoja wa ndege kutoka Paris alipigwa faini ya dola 500 alipofika Minneapolis kwa sababu ya tufaha moja alilopewa na wahudumu wa ndege yenyewe. Alikuwa ameliweka ale kwenye safari inayofuata. Mwaka 2022 mwingine aliyetoka Bali alishuka Darwin, Australia, na mikate miwili ya mayai na soseji pamoja na krosanti ya nyama ya nguruwe. Mbwa akanusa. Faini: dola 2,664 za Australia. Hebu piga hesabu hiyo kwa shilingi halafu urudi tuendelee.

Ukali huu unatoka wapi? Hapa ndipo stori inapokuja hadi kwetu, manze.

Kuna ugonjwa unaitwa homa ya nguruwe ya Afrika. Hauna tiba, haumdhuru binadamu, lakini ukiingia kwenye banda unaweza kufagia karibu nguruwe wote. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, kutokana na visa vilivyoonekana hapa Kenya. Kwa miaka mingi ulibaki barani. Kisha mwaka 1957 ukazuka karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon, Ureno, baada ya nguruwe kulishwa makombo ya chakula kutoka kwa ndege. Makombo, bana. Mwaka 2007 ukaibuka Georgia, karibu na bandari ya Poti kwenye Bahari Nyeusi, na inaaminika ulishuka na mabaki ya chakula kutoka melini. Kutoka hapo ukaingia Urusi, ukafika nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2014 na China mwaka 2018, ambako mamilioni ya nguruwe waliangamia. Kirusi chake hukaa miezi ndani ya nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi. Kipande cha hemu kwenye mkoba wako hakionekani kuwa na shida yoyote. Hiyo ndiyo shida yake.

Wewe ambaye huli nguruwe usicheke, tuongee maembe. Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia alionekana Kenya kwa mara ya kwanza. Nzi huyu hutaga mayai ndani ya embe, na embe likiiva unakuta funza. Ilipofika 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kuuza maembe Ulaya kabla ya kufungiwa kwa aibu. Soko hilo lilifunguka tena 2021. Miaka saba! Muulize mkulima wa Makueni miaka saba ni karo ya watoto wangapi. Sisemi nzi alishuka na mtalii. Nasema nzi hahitaji zaidi ya tunda moja lenye mayai na mtu mmoja anayeona tunda ni tunda tu.

Kwa hivyo afisa anayekunyang'anya ndizi ana sababu zake, na ningependa wetu pale Mombasa wawe wakali vivyo hivyo. Abiria akiteremka kwenye jengo la meli za kitalii, akiwa na kofia ya safari na tufaha mkononi anaenda Tsavo, tufaha liishie getini. Tusiwe watu wa kutetemekea dola hadi tunaogopa kumfungulia mgeni mkoba. Shangazi yako akienda Dallas na omena na mursik, anafunguliwa hadi soksi.

Hilo limeisha. Lakini kuna upande mwingine ambao kampuni za meli hazipendi tuuongelee.

Chakula ambacho abiria amekatazwa kushuka nacho kinaenda wapi? Sheria za kimataifa za uchafuzi wa bahari, zile za MARPOL, zinaruhusu meli kumwaga mabaki ya chakula baharini ikiwa maili 12 za baharini au zaidi kutoka nchi kavu. Yakisagwa yakawa vipande visivyozidi milimita 25, inaruhusiwa hata kuanzia maili 3. Ziko sehemu zenye masharti makali zaidi, kama Mediterania, lakini pwani yetu haimo. Yaliyobaki huchomwa au hupelekwa bandarini kuharibiwa chini ya uangalizi. Yote ni halali kabisa. Ndiyo maana inauma: mkate uliookwa leo na hakuna aliyeugusa una kibali cha kulishwa samaki, lakini hauna kibali cha kufika Likoni.

Wengi husema haiwezekani kwa sababu ya magonjwa hayo hayo niliyoyataja. Inawezekana, na imefanyika. Mwaka 2017 kampuni ya Costa ilianza mpango kwenye bandari ya Savona, Italia, pamoja na shirika la Banco Alimentare. Chakula kilichopikwa lakini hakikuandaliwa mezani kinatiwa kwenye vyombo, kinafungwa, kinabandikwa lebo ya kuonyesha kilikotoka, kinawekwa kwenye jokofu, na meli ikifika kinachukuliwa kupelekwa kwa wasiojiweza. Italia ilikuwa imepitisha sheria mwaka 2016 ya kurahisisha kutoa chakula kilichobaki. Baadaye bandari nyingine za Ulaya zikafuata. Angalia tofauti: hakuna abiria aliyejaza mkoba, na hakuna sahani iliyoguswa na mtu. Chakula kilichokaa kwenye bafe hakimo, na ni sawa. Kikishakaa wazi saa nne nje ya baridi wewe mwenyewe hungempa mtoto wako.

Mombasa tunaweza kuanza na kidogo. Tusianze na nyama wala matunda mabichi, hayo yaachwe huko huko. Tuanze na mikate, mchele, unga, biskuti, maziwa ya unga, vitu vikavu ambavyo havijafunguliwa na vinakaribia tarehe. KEPHIS wakague, afya ya bandari wakague, kila katoni iwe na lebo. Lebo si urasimu tu. Jikoni mwa meli kuna nguruwe na kuna mvinyo, na hakuna madrasa Majengo itakayopokea chakula ambacho hakijulikani kimepikiwa wapi na kimewekwa nini. Ukipeleka bila lebo umewatukana.

Pia kiandikwe nani anabeba lawama chakula kikimdhuru mtu, vinginevyo kapteni atachagua kumwaga kila safari. Mimi ningekuwa kapteni ningemwaga pia.

Na kuna vijana wetu. Wengi kutoka Mombasa wanatafuta kazi kwenye meli hizi, mikataba ya miezi sita hadi tisa, kuosha sahani, kutandika vitanda, kuhudumu mezani. Hao ndio wanaosukuma mkokoteni wa mikate mizima hadi kwenye mashine ya kusaga, wakati nyumbani mama ananunua unga wa kupimiwa. Abiria akikamatwa na ndizi analipa faini anaenda zake. Mhudumu akikamatwa na chakula cha kampuni kwenye begi anaweza kupoteza kazi iliyolipiwa na ng'ombe wawili wa baba. Kwa hivyo kaka, dada, kama umepata mkataba: usibebe, hata kama meneja amekuambia chukua tu. Mwambie akuandikie. Akikataa kuandika, umeshajua jibu.

Msimu wa meli ukianza tena, mkubwa fulani wa utalii atapigwa picha akivalisha wageni shanga huku ngoma zinapigwa. Mwanahabari atakayekuwa pale na maikrofoni, tafadhali muulize swali moja tu: meli hii imeingia na chakula kiasi gani ambacho hakijaguswa, na leo jioni kinaenda wapi?