JE, HADITHI ZA KUTISHA ZINATUPOTOSHA?

Usilolijua ni usiku wa giza, ndivyo walivyonena wahenga. Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, nimeanza kwa methali hii kwa sababu mwaka huu katika chama chetu cha Kiswahili kulizuka mjadala mkali. Wako waliosema kuwa riwaya za mambo ya ajabu na ya kutisha hazifai wanafunzi, ati zinaharibu akili. Wako pia waliosema kuwa riwaya za picha, yaani hadithi ndefu iliyochorwa kwa vibonzo toka jalada hadi jalada, ni za watoto wa chekechea, na mtu wa kidato cha tatu akionekana nayo achekwe. Mimi nasimama upande wa pili. Nina ushahidi, na ushahidi wenyewe ni hadithi moja ambayo nimeisoma mara mbili: kwanza kwa maneno matupu, kisha kwa picha.

Kitabu chenyewe chaitwa Kindred. Kiliandikwa na Octavia Butler, mwandishi Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka wa 1947 na kufariki mwaka wa 2006. Kilichapishwa mwaka wa 1979. Mwaka wa 2017 mabwana wawili, Damian Duffy na John Jennings, walikigeuza kuwa riwaya ya picha. Duffy aliyapunguza na kuyapanga maneno, Jennings akachora. Mwaka wa 2018 kazi yao ilipata tuzo ya Eisner, ambayo ni tuzo kubwa ya vibonzo huko Marekani. Lakini tuzo pekee si hoja. Hebu tuitazame hadithi.

Dana ni mwanamke mweusi wa California, mwaka wa 1976. Siku anayotimiza miaka 26, yeye na mumewe Kevin, ambaye ni mzungu, wanapanga vitabu katika nyumba waliyohamia. Ghafla kichwa kinamzunguka na anajikuta kando ya mto asioujua. Mtoto wa kizungu anazama. Dana anamwokoa. Kumbe mtoto huyo ni Rufus, mwana wa mwenye shamba la watumwa katika jimbo la Maryland, mapema katika karne ya 19! Tangu hapo, kila Rufus anapokaribia kufa, Dana anavutwa kwenda kumwokoa. Na kila Dana anapoamini kwamba sasa anakufa yeye, anarudishwa kwao. Mbona asimwache tu afe? Hawezi, kwa sababu Rufus ndiye atakayemzaa Hagar, na ukoo wa Dana umetokana na Hagar huyo. Rufus akifa mapema, Dana naye hatakuwako.

Hakuna mashine wala mtaalamu wa kueleza safari hizi. Hakuna hata mganga. Butler mwenyewe alisema kuwa hii si hadithi ya sayansi, bali ni fantasia yenye huzuni na giza. Na giza limo kweli! Watu wanachapwa mijeledi, watoto wanauzwa mbele ya mama zao, wanawake hawana amri juu ya miili yao. Baba yake Rufus anamkuta Dana na kitabu, akimfundisha kusoma mtoto mtumwa aitwaye Nigel, na anampiga mpaka anazimia. Wenzangu, sisi hapa tunabembelezwa tusome. Dana alipigwa kwa sababu ya kusoma.

Sasa turudi kwenye swali. Je, hadithi kama hii inapotosha? Mimi naona kuna kutisha kwa aina mbili. Kuna kutisha kwa kuchezea moyo, ambako zimwi linatokea kichakani, unaruka, basi, umesahau. Na kuna kutisha kunakokuonyesha jambo lililotendeka kweli na linaloweza kutendeka tena. Katika Kindred zimwi halina pembe. Zimwi ni mtoto mwekundu wa nywele ambaye Dana anamwokoa, anamsomea vitabu akiwa amevunjika mguu, na karibu anampenda. Unatarajia kwamba mtoto huyu aliyelelewa na wema atakuwa mtu mwema. Ng'o! Anakua, anarithi shamba, anakuwa bwana kama baba yake. Samaki mkunje angali mbichi, lakini hapa waliomkunja kila siku walikuwa wengi, na Dana alikuja mara moja moja.

Jambo lililonitisha zaidi ya mijeledi ni jinsi watu wanavyozoea. Dana na Kevin wanakaa pale kwa muda na wanaanza kuona mambo ya shamba kuwa ya kawaida, hata wanaita nyumba ile nyumbani. Hawa ni watu wa mwaka wa 1976, wamesoma! Kama wao walizoea, wewe na mimi je?

Hapa ndipo ninapowajibu wale wenzangu wanaojigamba. Kila somo la historia likifika kwenye utumwa, lazima mtu aseme, "Mimi ningekuwa pale ningepigana," au, "Mimi ningetoroka usiku huo huo." Bwana wee! Dana alijaribu kutoroka, na kabla ya kucha alikuwa amekamatwa. Alice, mwanamke aliyezaliwa huru, alitoroka na mumewe Isaac aliyekuwa mtumwa. Walipokamatwa, Alice alikuwa ameraruliwa na mbwa, na Isaac alikatwa masikio akauzwa mbali. Waliobaki shambani hawakuwa waoga. Walikuwa na watoto wa kulisha na kesho ya kuifikia.

Butler alieleza katika mahojiano kwamba wazo hili lilimjia kwa sababu ya kijana mmoja mweusi aliyesoma naye chuoni. Kijana huyo aliwaonea hasira wazee wake kwa kuwa walivumilia na kunyenyekea. Lakini mama yake Butler alikuwa mtumishi wa nyumbani. Alipita mlango wa nyuma, alitukanwa, akanyamaza ili binti yake ale na asome. Butler aliona kwamba kunyamaza kule nako kulikuwa ushujaa.

Niliposoma habari hiyo nilimfikiria babu yake mama yangu. Alikuwa mpishi katika nyumba ya mkoloni, na mpaka ana watoto watatu alikuwa akiitwa "boi". Mshahara ule ndio uliompeleka mtoto wake shule, na mtoto huyo akampeleka mama yangu. Wako vijana wanaocheka wazee wakisimulia habari za "ndiyo, bwana". Wakicheka, wanacheka ada yao ya shule. Hiyo ndiyo faida moja ya kitabu hiki: kinakufunza kumheshimu mtu aliyevumilia ili wewe uwepo.

Nije kwenye picha. Je, hadithi hupungua ikichorwa? Jibu langu ni ndiyo na la. Inapungua kwa sababu picha hula maneno. Katika riwaya ya maneno unakaa na Dana siku nyingi, unafua naye, unapika naye jikoni, na ule ubaya wa kuzoea unakuingia polepole mpaka wewe msomaji nawe umezoea. Katika picha unafunua ukurasa na miezi imepita. Lakini kuna mambo ambayo Jennings ameyapata na maneno hayakuyapata kwa namna ile. Maisha ya mwaka wa 1976 ameyapaka rangi iliyofifia ya kahawia, na yale ya zamani ameyapa rangi kali zinazowaka. Mtu angetarajia kinyume chake, kwamba ya kale ndiyo yafifie. Nikaelewa kwamba kwa Dana siku zile za mateso zimekuwa za kweli kuliko siku zake mwenyewe. Tena, mgongo uliochapwa ukiuona umechorwa, huwezi kuuruka kama unavyoruka sentensi ukiwa na haraka. Na mkono je? Mwishoni Dana anarudi kwao mara ya mwisho, tarehe 4 Julai 1976, Marekani ikisherehekea miaka 200 ya uhuru, na mkono wake wa kushoto unabaki ndani ya ukuta. Neno "hasara" nimelisoma mara nyingi. Sikuwa nimeliona.

Ushauri wangu basi: soma maneno kwanza, halafu picha. Ukianza na picha, sura ya Rufus utapewa na mchoraji kabla hujaiumba mwenyewe kichwani.

Najua kuna walimu na wazazi wenye wasiwasi, na wasiwasi wao una msingi. Kitabu hiki kina mambo mazito ya watu wazima. Mimi simpi mdogo wangu wa kidato cha kwanza. Lakini kutofaa kwa mtoto wa miaka 13 si sababu ya kutofaa kwa kila mwanafunzi. Kidato cha tatu na cha nne wanaweza kukisoma, mwalimu akiwapo wa kuulizwa. Tukinyimwa giza lenye mafunzo tutalitafuta lile lisilo na mafunzo, na hilo halihitaji kutafutwa sana siku hizi, limo kwenye kila simu.

Wengine watasema hayo ni ya Marekani, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na katika pwani yetu hii utumwa ulifutwa na sheria mwaka wa 1907 tu. Hapa Mombasa, Freretown ilianzishwa katika miaka ya 1870 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, na kengele yao ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Kila asubuhi matatu zinapita pale, makanga anaita "Kengeleni! Kengeleni!" nasi tunashuka au tunapita. Ni wangapi tunaojiuliza kengele ilipigiwa nini? Na uwanjani neno "mtumwa" bado ni tusi la kumpa mwenzako anayetumwa maji. Mtu akimaliza kitabu hiki, sidhani kama neno hilo litamtoka tena kwa kicheko.

Tena maajabu na picha si mambo ya kigeni kwetu. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze alituonyesha ndugu waliogeuzwa manyani, na hakuna aliyesema amepotosha vijana. Wazazi wetu walimsoma Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Tangu mwaka wa 2010 vijana wa Kenya wamesoma vibonzo vya Shujaaz kwa lugha ya mitaani. Kinachokosekana ni mtu wa kuuchukua msichana wa leo, mwenye sare ya shule na nauli mkononi, ashuke Kengeleni na ajikute mwaka wa 1875. Kwa nini asiwe mmoja wetu?

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwanza, maktaba yetu ikubali riwaya za picha, zikiwa na rafu yao kama vitabu vingine. Pili, toleo lijalo la jarida hili litenge kurasa nne za hadithi ya picha kwa Kiswahili, wachoraji wa kidato cha pili wakishirikiana na sisi waandishi. Wachoraji tunao, vifuniko vya madaftari yao ni ushahidi tosha.

Asiyekubaliana nami, mlango wa chama u wazi kila Alhamisi baada ya vipindi. Aje na hoja, lakini aje akiwa amesoma. Kalamu naiweka chini, mjadala naachia nyinyi.