Kufundisha Wakati wa Mwigo: Kimya Si Jibu

Wapo wanaodhani kwamba taabu ya mafundi wa kompyuta katika kulinganisha saa ni jambo la vyuo vikuu, lisilomhusu mwalimu wa shule ya msingi. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Ndani ya taabu hiyo mna somo zuri la Hisabati kwa darasa la tano, na mna onyo kwa mwalimu mwenyewe.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Kompyuta moja huweza kubeba ndani yake kompyuta kadhaa za kuigiza, ziitwazo mashine pepe. Kila moja hufanya kazi kana kwamba iko peke yake, kumbe zote hutumia kompyuta ile ile kwa zamu. Mafundi huzitumia, kwa mfano, kuujaribu mtandao wa mawasiliano kabla haujajengwa. Mashine inayongoja zamu yake husimama, lakini saa ya ukutani haisimami. Ikiwa mashine zitafuata saa ya ukutani, matokeo ya jaribio yatapotoka kila kompyuta inapoelemewa na kazi. Kwa sababu hiyo mashine hupewa wakati wa mwigo, yaani saa isiyokwenda yenyewe, bali husogezwa na programu iitwayo mratibu. Mratibu huziruhusu mashine ziende hadi saa fulani. Zikifika husimama na kutoa taarifa. Ndipo naye huisogeza saa mbele. Sharti kuu ni moja: ujumbe usimfikie mpokeaji katika saa ambayo kwake imekwisha pita.

Somo hili halihitaji umeme wala kompyuta. Zana zake ni saa nne za maboksi, vipande vya karatasi na ubao. Ligawe darasa katika makundi matatu: Shamba, Ghala na Soko. Kila kundi liwe na saa yake na daftari lake, na mwanafunzi mmoja awe mratibu. Machungwa husafiri kutoka Shamba hadi Ghala kwa dakika 30, na kutoka Ghala hadi Soko kwa dakika 20. Kila mzigo uandikiwe karatasi inayotaja saa ya kufika, nayo ipelekwe mara moja kwa kundi linalopokea.

Hapo mwanzo, yaache makundi yaende kila moja kwa kasi yake. Kundi la Soko, lenye kazi nyepesi, litakimbia hadi saa 4:00 na kuandika kwamba mchana kutwa halikupata machungwa. Kisha itawasili karatasi ya Ghala isemayo kwamba mzigo ulifika saa 3:40. Daftari linasema hili, karatasi inasema lile. Usiwasahihishe haraka, waache wajadiliane hadi watambue wenyewe kwamba kosa si la kujumlisha, bali ni la kwenda mbele bila kungoja.

Baadaye uliza: je, mratibu aweza kuruhusu hatua ya dakika ngapi kwa mara moja bila hatari? Wengi watasema 30. Wape jaribio: Ghala likituma mzigo saa 3:05, utafika Sokoni saa 3:25, hali Soko limekwisha ruhusiwa kwenda hadi saa 3:30. Hivyo watagundua kwamba hatua kubwa iliyo salama kwa wote ni dakika 20, nayo huamuliwa na safari iliyo fupi kuliko zote. Hayo ni matumizi ya kweli ya kujumlisha na kulinganisha saa, wala si kukariri majina ya sehemu za kompyuta.

Hata hivyo, mwalimu anaweza kuuliza: kundi lisilo na mzigo wa kutuma lifanye nini? Swali hili liliwashughulisha wataalamu. K. Mani Chandy na Jayadev Misra, waliokuwa Marekani, walieleza mwaka 1979 jinsi mashine zinavyoweza kwenda pamoja kwa kungojana. Katika njia yao, mashine isiyo na ujumbe hainyamazi. Hutuma taarifa tupu, kana kwamba yasema, "Sina la kutuma hadi saa 3:20." Bila taarifa hiyo, wenzake hawawezi kujua kama haina kitu au imechelewa tu, basi wote wangekwama. Mwaka 1985 David Jefferson alieleza njia nyingine: kila mashine iendelee bila kungoja, na ujumbe uliochelewa ukifika, irudi nyuma na kuanza upya kutoka hapo. Njia hiyo inafaa, lakini inadai kumbukumbu ya kila hali iliyopita.

Sasa tujitazame wenyewe. Mwalimu darasani naye ni mratibu. Huuliza, "Mmeelewa?" Darasa huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" Nao walionyamaza huhesabiwa kuwa wameelewa. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, mkaguzi akiwa ameketi nyuma, hushawishika zaidi, maana andalio la somo linamhimiza amalize. Lakini mtoto aliyeachwa katika kugawanya hatafika kwenye sehemu pamoja na wenzake kwa sababu tu kengele imelia. Wala mwalimu wa watoto wengi hana kumbukumbu ya kumwezesha kumrudisha kila mmoja mahali alipopotelea.

Wapo watakaosema kwamba kumngoja kila mtoto ni kuliua azimio la kazi. Hoja hiyo ina uzito, kwani mratibu anayengoja bila kupata taarifa hulikwamisha darasa zima. Lakini dawa yake si kuwapita walionyamaza. Ni kudai taarifa iliyo fupi. Kila mtoto aandike jibu la swali moja katika kipande cha karatasi kabla ya hatua inayofuata. Na asiye na jibu aandike, "Bado." Neno hilo moja lamtosha mwalimu kujua pa kurudi.

Tunawasihi walimu wanachuo walijaribu somo hili katika mazoezi yao. Wawafundishe watoto kuisogeza saa kwa haki, nao wenyewe wasiisogeze kabla ya kusikia kutoka kwa kila mmoja.