Mwandishi na Asikilize Kwanza

Wenzangu mnaoandika michezo ya redio na filamu, nina neno nanyi. Muuza ndizi tunamfanya ahutubie kama waziri, kisha tunashangaa watazamaji wakisinzia. Yatazameni maisha ya Wolfgang Kohlhaase, mwandishi wa filamu wa Ujerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1931.

Vita vilipokwisha alikuwa na miaka 14, na mji wake ulikuwa vifusi. Alianzia magazetini, akaingia DEFA, studio ya serikali ya Ujerumani Mashariki, na tangu 1952 akaishi kwa kalamu yake mwenyewe. Yeye na mwongozaji Gerhard Klein walitoa filamu ya Berlin – Ecke Schönhauser mwaka 1957. Humo vijana wanajikusanya chini ya daraja la treni, hawana pa kwenda, na wanasema kama vijana wasemavyo: kwa mkato, neno jingine likimezwa. Wakubwa walinuna. Watu walijaa sinema.

Desemba 1965 Kamati Kuu ya chama tawala ilikutana, na filamu nyingi za wakati ule zikafungiwa. Berlin um die Ecke, kazi nyingine ya wawili hao, ilisimamishwa kabla haijakamilika. Klein alifariki mwaka 1970 bila kuiona mbele ya watazamaji. Hapa, ndugu zangu, naomba tutulie. Ni wangapi kati yetu, mswada ukikataliwa mara moja, tunavunja kalamu, au vibaya zaidi, tunaanza kuandika sifa za wenye kukataa? Kohlhaase alimwendea mwongozaji mwingine, Konrad Wolf, na mwaka 1968 ikatoka Ich war neunzehn: Mjerumani wa miaka 19 anarudi kwao amevaa sare ya jeshi la Kisovieti, kama ilivyompata Wolf mwenyewe. Mwaka 1980 wakaja na Solo Sunny, habari za mwimbaji asiye nyota na asiyekubali kujipendekeza. Renate Krössner, aliyemwigiza, alipewa tuzo ya Dubu wa Fedha katika tamasha la filamu la Berlin Magharibi, ng'ambo ya Ukuta wa Berlin.

Ukuta ukaanguka, nchi iliyomlea ikafutika, yeye akaendelea kusikiliza. Mwaka 2005, akiwa na miaka 74, ilitoka Sommer vorm Balkon, aliyoiandika yeye na kuongozwa na Andreas Dresen. Ni wanawake wawili wa jengo moja: mmoja huhudumia wazee majumbani mwao, mwenzake analea mtoto peke yake na kazi hana. Usiku wanakaa kwenye roshani na chupa yao ya mvinyo, wanazungumza.