Ukitoka kundini, toka kwa heshima

Wewe unayetaka kuhama kundi lako la muziki kwa hasira, ebu skiza hii kwanza. Conception ni bendi ya roki nzito kutoka Norway, iliyoanza 1989. Ilitoa albamu nne, ya mwisho ikiwa Flow ya 1997, kisha ikanyamaza. Mwimbaji Roy Khan alijiunga na Kamelot ya Marekani, akavuma, akatoka 2011 akiwa amechoka kabisa. Mpiga gitaa Tore Østby alikuwa na bendi nyingine, Ark. Lakini 2018 wanne walewale walirudi pamoja, na 2020 wakatoa albamu State of Deception. Miaka 23 baada ya Flow!

Sasa wewe, ukishawaanika wenzako mtandaoni, utarudi kwa nani? Hama ukitaka, lakini usitukane wakunga na uzazi ungalipo.