Nyimbo Bora za Nani?

Tangu Ozzy Osbourne afariki tarehe 22 Julai 2025, ukiuliza wasee wa fulana nyeusi uanzie wapi kumsikiliza, wengi watakutuma kwa mkusanyiko wa nyimbo zake bora, The Ozzman Cometh, wa 1997. Mimi nakataa. Si ati ngoma ni mbaya. Ngoma ni moto, tena moto kiasi kwamba hakuna anayeuliza ni nani aliyeuwasha.

Hebu tuhesabu. Mkusanyiko unafunguliwa na "Black Sabbath" na "War Pigs", rekodi za 1970. Hizo ni kazi za bendi ya vijana wanne wa Birmingham. Maneno mengi ya bendi hiyo yaliandikwa na mpiga besi, Geezer Butler. Ule uzito wa gitaa tunaouita hevi metali ulitoka kwa Tony Iommi, jamaa aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Ozzy aliimba, na aliimba vizuri. Lakini kwenye jalada la 1997, bendi nzima imegeuzwa kuwa utangulizi wa maisha ya mtu mmoja.

Halafu zinakuja "Goodbye to Romance", "Crazy Train" na "Mr. Crowley", zote kutoka Blizzard of Ozz ya 1980. Sabbath walikuwa wamemfukuza mwaka uliotangulia. Gitaa ni la Randy Rhoads, kijana wa California aliyekufa kwa ajali ya ndege Machi 1982 akiwa na miaka 25. Besi ni ya Bob Daisley wa Australia, na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maneno. Dramu ni Lee Kerslake. Kile kinanda cha kutisha mwanzoni mwa "Mr. Crowley" ni Don Airey.

Najua utaniambia: lakini hiyo sauti, buda! Sawa. Sauti ile haina pacha, na Ozzy alikuwa na kipaji cha kuzua melodi hata kabla wimbo haujapata neno moja. Hayo ni yake, na hakuna anayemnyang'anya. Ninachogombania ni kile neno "bora" linachofanya likishabandikwa jina moja.

Diary of a Madman ilipotoka 1981, Daisley na Kerslake walikuwa wameshaachishwa kazi. Jalada likatoka na picha na majina ya Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, watu ambao hawakupiga hata noti moja kwenye albamu hiyo. Soma hiyo sentensi tena. Bark at the Moon ya 1983 nayo ikasema nyimbo zote ni za Ozzy peke yake, huku mpiga gitaa Jake E. Lee akisema hadi leo kwamba muziki aliutunga yeye.

Lililonichoma zaidi ni la 2002. Daisley na Kerslake walikuwa mahakamani wakidai malipo na kutambuliwa. Albamu zile mbili za kwanza zikatolewa upya, besi na dramu zao zimefutwa na kupigwa tena na Robert Trujillo na Mike Bordin. Kumnyima mtu jina ni tabia ya zamani. Hapa walichomoa hadi mikono yake ndani ya wimbo, kisha wakauza wimbo uleule. Ilibidi tungoje mpaka 2011 ndio rekodi za awali zirudishwe madukani.

Na msiniambie hayo ni mambo ya wazungu. Nina beshte anayepiga besi hapa Nairobi. Ngoma moja aliyoipigia ilichezwa kwa matatu mwaka mzima, nasi tukiwa ndani tukiimba. Alilipwa nauli na lunch. Jina lake haliko popote, hata ukibonyeza zile nukta tatu kwenye simu.

Tena haikuwa lazima iwe hivyo. "Mama, I'm Coming Home" iko kwenye mkusanyiko huohuo, na Lemmy wa Motörhead, aliyesaidia kuuandika, alitajwa na akalipwa. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba nyimbo nne alizomwandikia Ozzy zilimpa pesa kuliko miaka 15 ya Motörhead. Kwa hivyo kalamu ya kuandika jina la mtu mwingine ilikuwepo. Ilitumika walipotaka.

Ukitaka kuanza, anza na Blizzard of Ozz yenyewe, ile ya 2011, na uweke sikio kwa dramu. Huyo ni Kerslake. Korti ya rufaa Marekani ilitupilia mbali kesi yao 2003. Mwaka wa 2018, akiugua saratani, aliomba hadharani diski zake za platinamu za albamu zile mbili, azitundike ukutani kabla hajafa. Zilimfikia. Alifariki Septemba 2020.