Alama ya Kuuliza Si Herufi

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Sisi tunaoandika Kilamba huku Sakania tunalijua hilo kupitia ŋ. Katika UTF-8 ni baiti mbili, C5 na 8B. Faili ikisomwa kwa usimbaji wa Windows-1252, zinatokea alama mbili: Å‹. Hapo hakijapotea kitu. Isome upya kwa UTF-8, neno litarudi. Lakini ukiihifadhi kwa Latin-1, isiyo na ŋ, programu nyingi huweka “?” mahali pake, na herufi imekwenda. Kiswahili, chenye ng', kwa kawaida hukwepa adha hii; ndiyo maana wengi hawaioni. Kwa maoni yangu, idara isipokee faili ya utafiti isiyotaja usimbaji wake. Mzee aliyetupa neno huenda asiwepo tena wa kuulizwa.