Mtihani wa Kuingilia Udaktari, na Muhali Wetu

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, hunifikia simu za wazazi kutoka Ng'ambo, Makunduchi na Nungwi. Swali lao ni moja: "Mwalimu, alama hizi zinamtosha kusomea udaktari?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza iwapo mwanawe anafaa kuwa daktari. Siwalaumu, maana mfumo wenyewe hauulizi. Fizikia, Kemia na Baiolojia zikitimiza pointi zinazotakiwa, mwombaji huingia kwenye ushindani wa nafasi, iwe ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar au Muhimbili, wanakofundishwa pia madaktari wa meno. Zisipotimia, basi.

Wapo wenzangu wanaotaka tuweke mtihani maalumu wa kuingilia, mfano wa UCAT ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2006, au MCAT ya Marekani. Hoja yao si ya kubezwa: alama za skuli hupima zaidi kilichohifadhiwa kichwani, nao wanataka kupima namna mtu anavyofikiri. Lakini mtihani wa Kiingereza unaokimbizana na saa utapima, kabla ya jambo jingine lolote, nani amezoea kusoma Kiingereza kwa haraka. Kijana wa Kizimkazi aliyeigusa hadubini kwa mara ya kwanza akiwa kidato cha tano atakuwa ameongezewa kikwazo cha pili juu ya kile cha kwanza. Tena mtihani wa namna hii huzaa tuisheni zake. Watazameni Wahindi: mtihani wao mmoja wa taifa, NEET, ulifanywa na zaidi ya watu milioni mbili mwaka 2024, na kashfa ya kuvuja kwake ikafika hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo.

Nasi tumewahi kujaribu njia isiyotegemea alama pekee. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mwombaji wa chuo kikuu afanye kazi kwanza, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Wazo la kumtazama mtu kazini nalipenda hadi leo. Kilichonitia shaka daima ni ile kalamu ya mkubwa mmoja kuwa ndiyo ufunguo wa mlango. Na hapa kwetu Unguja, ambako msaili na msailiwa huenda walikutana harusini wiki iliyopita, kuna kitu kinaitwa muhali. Nani atamnyima alama mtoto wa jirani yake wa Malindi?

Kwa hiyo naona dawa ipo katika utaratibu uliobuniwa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, mwanzoni mwa karne hii: usaili wa vituo. Mwombaji hupita vituo kadhaa vya dakika chache, kila kimoja na msaili wake, asiyejua wenzake wametoa alama gani. Muhali wa mmoja humezwa na wengi.

Alama za kidato cha sita zibaki kuwa mchujo wa kwanza. Baada ya hapo, vituo viendeshwe kwa Kiswahili, lugha ya wagonjwa wetu. Kimoja awekwe bibi mwenye kisukari aliyeazimia kufunga Ramadhani yote. Kijana hatarajiwi kujua tiba. Atazamwe tu kama anamsikiliza, au anamkatiza bibi wa watu na kuanza kumhutubia. Wasaili nusu watoke Pemba na Bara, na wapangiwe vituo kwa kura asubuhi ileile.

Mwenzangu mmoja amenijibu kwamba zoezi hili litawala walimu siku mbili nzima, na siku mbili ni nyingi. Tunaowachagua tunakaa nao darasani miaka mitano, kisha wanakwenda wodini mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha wanabaki na wagonjwa hadi wanapostaafu.